Koili ya Nyuzi Mbili Inapokataa Kufanya Kazi: Dalili, Sababu na Tiba

Koili ya nyuzi mbili, ambayo wengine huiita koili ya bifila, hutengenezwa kwa kuzungusha nyaya mbili zilizolala bega kwa bega, au zilizosokotwa pamoja, juu ya kiini kimoja. Kwa macho ni kitu chepesi: pete ya feraiti (kauri yenye sifa za sumaku), mita moja au mbili za waya wa kufungia mota, na ncha nne zinazoning'inia. Lakini ncha hizo nne zinaweza kuunganishwa kwa namna kadhaa zinazotoa vifaa visivyofanana hata kidogo, na hapo ndipo matatizo mengi huanzia. Tangu nianze kufunga koili hizi mezani kwangu, karibu kila saketi iliyonigomea ilikuwa na ncha iliyokwenda mahali pasipo pake, au ilikuwa ikifanya kazi katika masafa ambayo sikuwa nimeyapima.

Majaribio yote yanayoelezwa hapa ni ya betri, au ya chanzo kisichozidi volti 12. Usiyafanye kwa umeme wa ukutani wa volti 230. Enameli ya nyaya mbili zinazogusana haitoshi kumkinga mtu na umeme wa nyumba, hata kama koili imefungwa vizuri kiasi gani.

Kabla ya dalili yoyote: zipe ncha majina

Ziite ncha za waya wa kwanza A1 na A2, na za waya wa pili B1 na B2, ambapo namba 1 ni pale ulipoanza kuzungusha na namba 2 ni pale ulipomaliza. Ukipata nyaya zenye enameli za rangi mbili tofauti, kazi hii inakuwa rahisi. Ukikosa, funga uzi wa kushonea kwenye ncha zote mbili za waya mmoja kabla hujaanza kusokota.

Kisha kwangua ncha. Enameli hung'aa kama shaba yenyewe, kwa hiyo ncha ambayo bado imefunikwa huonekana safi machoni, na risasi ya kulehemia huizunguka bila kuishika. Enameli ya poliurethani huungua kwenye chuma cha kulehemia chenye joto la nyuzi 390 hivi, lakini waya wa mota mara nyingi huwa na enameli ngumu zaidi isiyokubali joto hilo. Dawa yake ni msasa au wembe, ukizungusha waya kidoleni hadi rangi ya waridi ya shaba tupu ionekane pande zote, kwa urefu wa sentimita moja.

Sasa weka multimita kwenye sehemu ya kupima mwendelezo. A1 na A2 lazima ilie, B1 na B2 lazima ilie, na kati ya ncha yoyote ya A na yoyote ya B isilie kabisa. Ikilia, enameli imechubuka, na mara nyingi aliyeichubua ni ukingo mkali wa pete ya feraiti. Fungua koili yote, funika pete kwa utepe mweupe wanaoutumia mafundi bomba, kisha funga upya. Feraiti za manganizi na zinki hupitisha umeme kidogo, kwa hiyo mchubuko mmoja kwa kila waya, hata kama nyaya zenyewe hazigusani, unaweza kutosha kuziunganisha kupitia kiini.

Usitegemee multimita ikuambie zaidi ya hapo. Mita moja ya waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.5 ina ukinzani wa takriban omu 0.09, ilhali nyaya za multimita zenyewe huweza kuongeza omu 0.2 au zaidi. Mizunguko miwili iliyogusana ndani ya waya mmoja haitaonekana kwa kipimo hicho hata ukikirudia mara kumi.

Kama koili imekwishafungwa na hukumbuka mwanzo wala mwisho, tumia multimita ya mshale. Unganisha ncha nyekundu ya mita kwenye mojawapo ya ncha za B na nyeusi kwenye nyingine, kwenye kipimo kidogo cha volti, halafu gusisha betri ya volti 1.5 kwa A kwa kitambo kifupi sana, chanya ikiwa kwenye A1. Mshale ukiruka kuelekea kulia wakati wa kugusa, ncha iliyo na waya mwekundu ndiyo B1. Ukiruka kushoto, ndiyo B2. Wakati wa kuachia, mshale utaruka upande wa pili; usiuhesabu huo.

LED haiwaki kabisa

Saketi ninayoipenda kuliko zote kwa kujifunzia ni ile inayowasha LED nyeupe, yenye kuhitaji volti 3 hivi, kwa betri ya volti 1.5 ambayo redio imekwishaikataa. Ilianza kujulikana kupitia jarida moja la elektroniki la Uingereza mwaka 1999, na vifaa vyake ni pete ya feraiti yenye mizunguko 10 hadi 20 ya nyaya mbili, rezista ya kilo-omu 1, transista moja ndogo na LED yenyewe. Pete nzuri hupatikana ndani ya balbu za CFL, yaani zile za kubana umeme, zilizokufa, ambazo mafundi huzitupa.

Kolekta, besi na emita ni miguu mitatu ya transista. Unganisho sahihi ni hili: A1 na B2 zinakutana kwenye chanya ya betri, A2 inakwenda kwenye kolekta, B1 inapita kwenye rezista hadi kwenye besi, emita inakwenda hasi. LED inakaa kati ya kolekta na emita, mguu wake chanya ukiwa upande wa kolekta. Zingatia kwamba nyaya hukutana kwa mwanzo wa mmoja na mwisho wa mwingine. Mkondo unapoongezeka katika A, waya B huisukuma besi juu zaidi, transista hufunguka zaidi, na mtetemo huanza. Ukiunganisha A1 na B1 badala yake, waya B huivuta besi chini, na saketi haitetemi. Alama yake ni kwamba LED iko giza lakini transista ina joto na betri inaisha haraka, kwa sababu mkondo unapita mfululizo bila kukatwa. Badilisha ncha za waya mmoja tu. Ukibadilisha za zote mbili unarudi ulipoanzia.

Kama hakuna joto wala mwanga, tazama miguu ya transista. BC547, ukiishika upande bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, ni kolekta, besi, emita kutoka kushoto. 2N3904 ni emita, besi, kolekta. Transista zinazouzwa kwa jina la 2N2222 katika umbo dogo la plastiki hutofautiana kulingana na herufi zilizotangulia: PN2222 huanza na emita, P2N2222 huanza na kolekta. Niliwahi kununua mfuko wa transista ambao karatasi yake ilichora miguu kinyume, nikafunga na kufungua koili nzima mara tatu nikidhani kosa ni la waya. Tangu siku hiyo naipima kila transista kwa sehemu ya diodi ya multimita kabla ya kuigusa kwa risasi. Kipimo hicho hukuonyesha besi mara moja. Na kati ya miguu miwili inayobaki, emita ndiyo ambayo kwa kawaida husoma juu kidogo kuliko kolekta, tofauti ikiwa ya milivolti chache tu.

Saketi ilifanya kazi, kisha mwanga ukafifia siku hadi siku

Dalili hii huwapata zaidi wanaounga LED kadhaa mfululizo. LED tano nyeupe zinahitaji volti 16 hivi kwenye kolekta. Transista inapojifunga, waya A una takriban volti 14.5 juu ya betri, na kwa kuwa nyaya zina idadi sawa ya mizunguko, waya B unatoa volti hizohizo kwa upande wa pili, na besi inavutwa hadi volti 13 chini ya emita. BC547 huruhusu volti 6 tu kwa mwelekeo huo. Rezista ya besi huzuia mkondo usiwe mkubwa, kwa hiyo transista haifi papo hapo, lakini uwezo wake wa kukuza mkondo huliwa polepole. Weka diodi ya 1N4148 kati ya besi na emita, mstari wake ukiwa upande wa besi, na tatizo litaisha. Usiwashe saketi hii bila LED pia, kwa kuwa nishati ya koili isipopata njia hupandisha volti za kolekta hadi itoboe mahali dhaifu.

Mita inaonyesha induktansi karibu na sifuri

Induktansi ni uwezo wa koili kupinga mabadiliko ya mkondo. Hapa mara nyingi hakuna kitu kilichoharibika. Ukiunganisha A2 na B1, kisha ukapima kati ya A1 na B2, nyaya mbili zinasaidiana na koili inakuwa kama yenye mizunguko maradufu, hivyo induktansi yake ni mara nne ya waya mmoja. Ukiunganisha A2 na B2, kisha ukapima kati ya A1 na B1, mkondo unakwenda na kurudi juu ya kiini kilekile, nguvu za sumaku zinafutana, na kinachobaki ni kidogo sana. Kwenye pete ambayo waya mmoja unapima mikrohenri 44, unganisho la kusaidiana linatoa takriban 176, na la kupingana linaweza kutoa chini ya mikrohenri 1. Unganisho hilo la pili lina kazi yake halali: ndivyo zinavyofungwa rezista za waya ambazo mtengenezaji hataki ziwe na induktansi.

Vipimo hivi viwili vina faida nyingine. Toa kile kidogo kutoka kwa kikubwa, gawanya kwa nne, na umepata induktansi ya pamoja kati ya nyaya. Ikiwa iko chini sana kuliko ya waya mmoja, nyaya zako hazikulala karibu, au mmoja umeruka mzunguko.

Koili inaitika kwa masafa ya chini kuliko hesabu

Nikola Tesla alieleza sababu ya jambo hili vizuri kuliko wengi waliomfuata. Katika hataza yake ya Marekani namba 512,340, iliyotolewa tarehe 9 Januari 1894, alichukua mfano wa koili yenye mizunguko 1,000 iliyopewa volti 100. Katika koili ya kawaida, mzunguko mmoja na jirani yake hutofautiana kwa volti 0.1. Katika koili ya nyaya mbili zilizounganishwa kwa kusaidiana, kila mzunguko hukaa kando ya ule ulio nusu ya safari mbele, na tofauti inakuwa volti 50. Nishati inayohifadhiwa kati ya mizunguko hufuata kipeo cha pili cha tofauti hiyo, ndiyo maana aliandika kwamba ni mara 250,000 zaidi. Shabaha yake ilikuwa ya kiutendaji: koili ibebe kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) yake yenyewe, ili isihitaji kapasita za nje, ambazo zama zile zilikuwa ghali na kubwa.

Kwa hiyo koili yako inapoitika, yaani inapotetema kwa nguvu zaidi, chini ya masafa uliyoyakokotoa, inafanya kile ilichoundwa kufanya. Hata hivyo, kabla ya kuilaumu koili, ulizia kwanza kifaa chako cha kupimia. Chukua mikrohenri 176 na kapasitansi ya ndani ya pikofaradi 200: mwitiko unatokea karibu na kilohezi 848. Ukigusisha kipimio cha osiloskopu (chombo kinachochora umbo la wimbi) kikiwa kwenye mara 1, ambacho huongeza pikofaradi 100 hivi, mwitiko unashuka hadi 693. Kikiwa kwenye mara 10, chenye pikofaradi 12 hivi, unashuka hadi 824 tu. Njia bora zaidi ni kutogusa kabisa: weka kitanzi cha waya mmoja karibu na koili, uunge osiloskopu kwenye kitanzi hicho, na usogeze mbali hadi kilele kisibadilike tena. Ukiona kilele kinahama unaposogeza mkono, mkono wako nao ni sehemu ya saketi.

Transfoma ya kulinganisha impedansi hailinganishi

Impedansi ni jumla ya upinzani ambao saketi huuonyesha kwa mkondo geu katika masafa fulani, ukiwemo ule wa koili na wa kapasita. Kuilinganisha ni kuifanya antena ya omu 200, kwa mfano, ionekane kama omu 50 kwa redio. Uwiano wa impedansi ni kipeo cha pili cha uwiano wa mizunguko, hivyo koili ya nyaya mbili iliyounganishwa kwa kusaidiana, ikilishwa kati ya mwanzo na maungano ya katikati, hutoa 1 kwa 4. Gustav Guanella mwaka 1944 na Ruthroff mwaka 1959 ndio walioweka misingi ya transfoma za namna hii kwa masafa mapana.

Usijaribu transfoma mpya kwa antena, maana antena ina maswali yake. Unga rezista ya omu 200 isiyo ya waya mahali pa antena na upime SWR, yaani uwiano wa mawimbi yaliyosimama kwenye kebo. Bila transfoma, omu 200 kwenye kebo ya omu 50 hutoa SWR ya 4. Ukiona bado ni 4 au zaidi, tazama ni katika masafa gani inakosea.

Ikiwa ni mbaya kwenye masafa ya chini na inapona kadiri unavyopanda, kiini hakikupi induktansi ya kutosha. Kanuni inayotumika ni kwamba riaktansi (upinzani wa koili kwa mkondo geu) ya upande wa omu 50, katika masafa ya chini kabisa utakayotumia, iwe angalau mara nne ya hizo omu 50. Kwa megahezi 3.5, omu 200 zinahitaji mikrohenri 9 hivi. Mizunguko 10 kwenye pete ndogo ya feraiti FT50-43 hutoa takriban mikrohenri 44, na hiyo inatosha na kubaki. Mizunguko 10 ileile kwenye pete nyekundu ya unga wa chuma, T50-2, hutoa mikrohenri 0.49, ambayo ni omu 11 tu za riaktansi, na redio yako inaona kitu kilicho karibu na shoti. Pete hizi mbili zina ukubwa sawa na hukaa vizuri kiganjani kwa namna ileile; kinachozitenganisha kwa macho ni rangi tu.

Ikiwa ni nzuri chini na inaharibika juu, tatizo liko kwenye jozi ya nyaya yenyewe, ambayo kwa masafa makubwa hufanya kazi kama kebo fupi yenye impedansi yake. Kwa transfoma ya 50 kwa 200, jozi inapaswa kuwa karibu na omu 100. Nyaya za enameli zilizosokotwa kwa kubana huwa kati ya omu 25 na 50; nyaya zenye ganda la plastiki huikaribia 100. Huna haja ya kukisia: kata mita moja ya jozi, unganisha ncha za mbali upime induktansi, kisha ziachanishe upime kapasitansi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili na utafute kipeuo cha pili, yaani mzizi mraba, cha jibu. Jozi yenye mikrohenri 0.25 na pikofaradi 100 ni ya omu 50, na haifai kazi hii hata ukiifunga kwa uzuri gani.

Ukitaka kurusha mawimbi, na si kupima tu, pata kwanza leseni ya redio ya ridhaa. Kwa Tanzania hutolewa na TCRA, na kwa Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano.

SWR ni nzuri unapoanza, kisha inapanda unapoendelea

Gusa kiini baada ya kuzima redio. Feraiti ya aina ya 43 hupoteza sifa zake za sumaku kwenye nyuzi joto 130 na kuendelea, na inapofika hapo induktansi huporomoka ghafla, ikipoa, hurudi. Sababu huwa ni mizunguko michache mno au pete ndogo mno kwa nguvu unayorusha. Mara nyingine ni pete ya njano yenye upande mweupe iliyong'olewa kwenye pawasaplai ya kompyuta, ambayo ni unga wa chuma wa kazi za masafa ya chini na hugeuza mawimbi ya megahezi kuwa joto.

Kwa spika na ampli, dalili kama hizi zina jibu fupi: usilinganishe. Ampli za transista zina impedansi ndogo sana ya kutokea, na zimeundwa kuendesha spika ya omu 4 au 8 moja kwa moja. Kulinganisha hutoa nguvu ya juu kabisa kutoka kwenye chanzo, lakini nusu ya nguvu hupotea ndani ya chanzo chenyewe.

Mita zinaonyesha nguvu inayotoka ni kubwa kuliko inayoingia

Dalili hii naiheshimu, kwa sababu aliyeipata hajadanganya. Amesoma kilichoandikwa kwenye mita. Tatizo ni kwamba multimita ya kawaida hupima wastani na kuutafsiri kana kwamba wimbi ni laini kama la umeme wa nyumbani. Saketi ya koili hutoa misukumo ya muda mfupi inayopanda juu sana, na kwa wimbi la namna hiyo tafsiri huwa ya uongo upande wowote ule. Aidha, kuzidisha volti kwa ampea kunahitaji vitu hivyo viwe vinapanda na kushuka pamoja, na kwenye koili karibu havifanyi hivyo kamwe. Mita za kidijitali huweza pia kuokota mawimbi kupitia nyaya zake na kuonyesha namba hata ncha moja ikiwa hewani. Jaribu hilo kwanza.

Kwa hiyo acha kupima wimbi, pima nishati. Ondoa betri, weka kapasita ya mikrofaradi 10,000 iliyochajiwa hadi volti 12, na uache saketi ijiendeshe kwayo huku ukishika saa. Nishati ya kapasita ni nusu ya kapasitansi mara kipeo cha pili cha volti. Kwenye volti 12 kuna juli 0.72, ikishuka hadi volti 8 zimebaki 0.32, zilizotumika ni juli 0.40. Kama ilichukua sekunde 10, saketi inakula wati 0.04, na hakuna umbo la wimbi linaloweza kubadilisha namba hiyo. Upande wa kutokea fanya vivyo hivyo: pitisha zao la saketi kwenye diodi na ulijaze kwenye kapasita ya pili iliyo tupu, kisha soma volti zake baada ya sekunde zilezile 10, saketi ikiwa imezimwa. Andika namba zote mbili kwenye karatasi moja, rudia mara tano, na kabla ya kila mara itoe chaji kapasita ya pili kupitia rezista ya omu 100 hadi isome sifuri, kwa kuwa kapasita hizi hurudisha chaji kidogo zikiachwa wazi, na volti hizo za masalio ndizo ambazo mara nyingi zimehesabiwa kama zao la koili.